Mwaka wa Kanjia ka Mbuzi

Wateja wangu wapya wote wana ugonjwa mmoja. Nikimaliza kunyoosha magurudumu ya gari, mwenye gari anasugua mikono, anaingia upande wa abiria na kusema, "Maman Nabintu, twende tuijaribu ku njia ya Kavumu." Njia ya Kavumu ina lami, imenyooka vizuri, gari inakimbia, mwenyewe anacheka peke yake na kuwapigia honi wauza nyanya. Ninamwambia hapana. "Papa, ku njia ya Kavumu hata kitanda kikiwekwa magurudumu kitaonekana kizuri." Wengine wanakasirika. Mmoja, mtu wa tumbo na miwani, aliniuliza kama ninaogopa mwendo. Nikamwacha aseme. Mimi nina mzunguko wangu. Ninatoka getini, ninashuka ule mteremko wa Nyalukemba unaoishia kwenye kona kali, ninapanda upande wa pili na vitesi ya kwanza, gia ya kwanza, ninapita kona mbili zinazofuatana mbele ya ukuta wa masista, moja ya kulia, moja ya kushoto, halafu mashimo mawili ambayo kila mwaka wanayajaza na kila mvua inayafungua upya. Dakika sita, nimerudi. Kama gari ina kitu inakificha, imeshakisema. Watu wanafikiri hayo nilifundishwa chuoni. Aka! Nilijifunza jikoni, nikimenya vitunguu, mwaka niliomaliza sekondari, nyumbani kwa Tonton Ziha, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita tonton, mjomba.

Tonton Ziha ametuacha wiki iliyopita. Bisimwa, mmoja wa wavulana wa nyumba ile enzi hizo, ndiye aliyenipigia simu, na kwa namna alivyoanza kwa kuniuliza habari za garaji, habari za mvua, habari za mgongo wangu, nilijua tu kuna neno. "Nabintu," akasema mwishoni, "muzee yetu amelala." Alikuwa amezeeka salama. Alikula maharage yake ya mchana, akaomba chai, na chai ilipofika hakuwepo tena. Mkewe, Maman Faida, aliyasimulia hayo kwenye matanga, ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, na ghafla akacheka huku machozi yanashuka. "Miaka yote huyu mwanaume alinichelewesha. Misa, harusi za batoto, kila kitu. Sasa ile siku chai iko tayari, ye ndiye ameharakisha!" Wanawake wote wakacheka naye, na mimi nikacheka mpaka nikashika ubavu. Sikuwa nimekaa kwenye sebule ile kwa miaka. Walikuwa wameipaka rangi ya kijani na kuweka mapazia mapya, lakini sakafuni, karibu na dirisha, zile alama nne za vyuma zilikuwa bado zipo kwenye saruji. Niliziangalia kwa muda mrefu. Hapo ndipo kiti kilipokuwa.

Acha niseme habari ya kile kiti. Tonton Ziha alikuwa dereva na fundi wa mashamba ya chai maisha yake yote, na alipoacha kazi alirudi nyumbani na kiti cha mbele cha jeep moja kuukuu iliyokufa mikononi mwake. Akakifunga kwa boliti kwenye sakafu ya sebule, kikitazama televizyo, na mbele yake akaweka mashine ya michezo ya magari aliyoletewa na mpwa wake kutoka Kigali. Vijana wa mtaa wote walikuja. Kwenye ukuta kulikuwa na benchi refu la kanisa, na desturi ya nyumba ilikuwa hii: unakaa kwenye benchi, unasogea, unasogea, zamu yako ikifika unakaa kwenye kiti cha jeep na unaendesha mizunguko mitatu. Mitatu tu. Lakini kabla hujamkabidhi anayekufuata manette, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, Tonton alikuwa anainua kidole na kusema, "Sema gari ilifanya nini." Si "nimeshindwa kwa sababu ya jua", si "huyu alinisukuma". Ilibidi useme gari ilifanya nini kwenye kila kona, na usiposema vizuri zamu yako ya kesho inarukwa. Niliona wavulana wakubwa, wenye ndevu tayari, wakitoka jasho kutafuta maneno. Na desturi ya pili, ambayo hakuna aliyeitangaza lakini kila mtu aliijua, ni kwamba msichana hakai kwenye kile kiti. "Bamama ya hapa batanisema," ndivyo Tonton alivyomjibu mkewe siku moja. "Batasema naharibu batoto babo." Maman Faida akamwuliza kama wavulana si batoto. Tonton akaomba chai.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na minane, mtihani wa serikali nimeshaufanya, majibu hayajatoka, na kukaa nyumbani kulikuwa kumenichosha roho. Maman Faida alikuwa anakaanga ndazi za kuuza na za kuwalisha wale wavulana, akaniambia nije nimsaidie. Nikaja asubuhi moja na sikuondoka mwaka mzima. Jiko lilikuwa chumba kidogo nyuma ya pazia la maua, moshi mwingi, karai la mafuta, ndoo ya unga, na chakula cha mchana kikiungwa pembeni: lengalenga, ule mchicha wetu, na sambaza, visamaki vya ziwani, au maharage na bugali ya muhogo, na siku ya furaha, ndizi za kupika na nyama kidogo. Hadi leo nikisikia harufu ya ndazi ninasikia pia mlio wa injini. Kwa sababu kutoka jikoni huoni televizyo. Unasikia tu. Na mtu anayesikia kitu kutwa nzima, wiki baada ya wiki, anaanza kukijua kuliko anayekitazama. Nilianza kujua nani yuko kwenye kiti bila kuuliza. Huyu anakanyaga breki kwa woga, huyu anabadilisha vitesi mapema. Bisimwa nilimjua mara moja, kwa sababu alikuwa anaendesha huku anajisifu. "Angalieni kazi! Angalieni mwalimu!" Halafu bum, ukuta, na kicheko cha benchi zima.

Bisimwa ndiye aliyekuwa bora kati yao, na yeye alilijua hilo zaidi ya wote. Mwaka ule vijana wa Kadutu walikuwa na sebule yao ya michezo na bingwa wao aliyeitwa Akili, na maneno yalikuwa yameanza kupanda na kushuka mji mzima: watu wa Nyalukemba wanaendesha kama wanapeleka mayai sokoni. Basi ikapangwa siku ya kushindana, baada ya Pasaka, huko kwao, mashindano matatu. Kila upande utakuja na gari lake, lililotengenezwa kwake, limehifadhiwa kwenye kile kikadi kidogo cha kumbukumbu. Mchezo ule ulikuwa unakubali kurekebisha kila kitu, springi tulizoziita risoti, breki, vitesi, hata kila gurudumu peke yake. Kazi ikaanza. Na kazi yenyewe walikuwa wanaifanya kwenye Bandari. Hivyo ndivyo walivyoliita lile duru kubwa lenye barabara ndefu kando ya makontena, ambapo namba za mwendo kwenye televizyo zinapanda mpaka benchi zima linasimama na kupiga kelele. Wanarekebisha kidogo, wanakimbiza Bandari, namba zinapanda, wanashangilia. Wanarekebisha tena. Kwa wiki mbili. Jikoni mimi nilisikia sauti moja tu: vuuuuuuu, halafu kona moja, halafu vuuuuuuu.

Siku moja nilitoka na sahani ya ndazi na nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Hii Bandari haiwaambie kitu." Bisimwa akanigeukia akiwa bado kwenye kiti. "Nani amesema?" Nikasema ni mimi. "Miye minasikia kutoka kule. Mubadilishe risoti, musibadilishe, sauti ni ileile. Hii njia iko nzuri sana. Gari ibovu na gari izima zinapita sawa." Mmoja akaniambia nirudi kwenye vitunguu vyangu. Lakini Tonton Ziha alikuwa ameinua kidole. "Kuya hapa," akaniambia. "Weye ungechagua njia gani?" Nikamjibu papo hapo, maana nilikuwa nimeshafikiri mambo hayo juu ya ndoo nzima za unga. Nilitaka ile fupi ya mlimani. Benchi likapasuka kwa kicheko. Ile hakuna aliyeiheshimu, walikuwa wanaiita kanjia ka mbuzi, kijia cha mbuzi. Lakini mimi nilikuwa nimeisikia mara chache walipoicheza kwa utani, na ndani ya dakika moja na nusu niliisikia gari ikifanya kila kitu: inashuka kwa kasi na kufunga breki kwenye kona kali, inapanda ikilia kwa vitesi ya kwanza, inaruka kwenye daraja la mbao, inayumba kwenye kona mbili za haraka, kulia na kushoto. Na kwa kuwa ni fupi, unaweza kuirudia mara nyingi kabla courant, umeme, haijakatika. Unabadilisha kitu kimoja, unakimbia, unasikia. Unabadilisha kingine. "Na musiihame," nikasema. "Kila siku hiyohiyo. Mukihama, hamutajua kama ni gari imebadilika ao ni njia."

Tonton hakucheka. Alisema tu, "Leteni kahiyer kwa huyu mutoto." Basi toka siku ile nilikuwa na daftari, na nilikuwa nakaa mwisho kabisa wa benchi, mahali ambapo zamu haifiki, nikiandika muda wa kila mzunguko na maneno ya kila dereva. Wiki ya kwanza walinichukia. Kwenye kanjia ka mbuzi gari lao la ajabu, lile lililokuwa mfalme wa Bandari, liliruka kwenye daraja na kuanguka kama gunia la makaa. Bisimwa alilipindua mara nne. "Huyu musichana ameharibu gari!" Wiki ya pili wakaanza kunyamaza. Wiki ya tatu Bisimwa mwenyewe alikuja mpaka kwenye pazia la jikoni, akasimama kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, akauliza, "Nabintu, ile kona ya pili, unasikia nini?" Nikamwambia anaachia breki kabla ya wakati. Akaenda, akajaribu, akarudi kuchukua ndazi bila kusema asante, na mimi nilikuwa na furaha siku nzima. Maman Faida aliona. "Unachekea karai?" akaniuliza.

Sasa niseme wazi nilichokuwa ninakitaka, maana sitaki mtu afikiri nilikuwa mtakatifu wa daftari. Nilitaka kile kiti. Nilikitaka mpaka nilikiota. Jumamosi asubuhi, kabla wavulana hawajaja, kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, na nilikuwa nafuta kile kiti taratibu kuliko vitu vyote, lakini sikukikalia, kwa heshima ya Tonton. Nilikuwa nafuta na manette pia, kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, katikati ya vidude vyake, na kile kijiti cha kukatia kona nilikuwa nakizungushia kitambaa. Siku moja Maman Faida alimwambia mumewe mbele yangu, huku anapakua bugali, "Huyu mutoto akae siku moja. Utakufa?" Tonton akatafuna, akameza, akasema, "Bon. Bakishinda Kadutu, atakaa. Ni ye amechagua njia." Alikuwa mtu wa neno lake na sote tulimjua. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaruka kama mtoto.

Kwenye daftari, toka siku za mwanzo, kulikuwa na neno moja lililojirudia kwa kila dereva: inavuta kushoto. Kwenye Bandari hawakuwa wameliona kwa sababu ya kelele. Kwenye kanjia ka mbuzi lilionekana kila mzunguko, na mimi nilijisikia daktari. Nikamwambia Bisimwa akaze gurudumu la mbele la upande wa kulia, kidogo, kidogo, kila siku, mpaka siku moja akasema, "Sasa iko inaenda sawa." Tonton akanipigia makofi mawili. Nilipiga mstari chini ya ukurasa ule kwa rula.

Tukaenda Kadutu, watu kumi na wawili kwa miguu, Tonton mbele na mwavuli wake, Bisimwa na kikadi ndani ya soksi. Walikuwa na ukumbi wa kweli, viti vya plastiki, televizyo kubwa, na manette mpya zilizokuwa bado zinang'aa. Akili alikuwa kijana mpole, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Wenyeji walichagua Bandari kwanza, bila shaka. Taa zikawaka, gari letu likatoka vizuri, Bisimwa akaanza "Angalieni kazi!", na kwenye ile barabara ndefu gari likaanza kuelekea kulia. Polepole, bila haya, kama mtu anayekwenda kumsalimia mjomba wake, likaenda kujibandika kwenye makontena. Akalitoa. Likarudi kulekule. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka, watu wanaangukiana. Akili alimaliza akiwa peke yake. Bisimwa alibaki ameshika manette, na Tonton akainua kidole hata pale, mbele ya wageni. "Sema gari ilifanya nini." Bisimwa akasema, "Inavuta kulia, Tonton. Siyui ju ya nini. Inavuta kulia."

Nikamwomba ile manette. Nilitaka kuiona tu. Nilipoishika, kile kijiti kilikuwa kimesimama wima kabisa. Kile cha nyumbani, nilichokifuta kila Jumamosi kwa miezi, kilikuwa kimelala kidogo upande wa kushoto, na mimi nilikuwa nakiona kimelala, na sikusema kitu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona manette nyingine maishani mwangu. Nilifikiri zote zimetengenezwa hivyo. Eh Mungu wangu. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Tulichukua ubovu wa manette ya Tonton tukauingiza ndani ya gari zima, na mimi ndiye niliyeuandika na kuupigia mstari. "Ni miye," nikasema, kwa sauti ya juu. "Kosa ni ya kwangu. Manette ya kwetu ndiyo inavuta. Rudishieni gurudumu kama ya zamani." Wenzangu walinitazama kana kwamba nimewauza. Bisimwa aliingia kwenye garaji ya mchezo, akarudisha gurudumu, na shindano la pili tukachagua sisi: kanjia ka mbuzi. Pale Akili hakuwa na la kufanya. Gari letu lilishuka, likafunga breki, likapanda, likaruka daraja na kutua laini. Bisimwa alishinda, lakini niliona aligusa ukuta wa kulia mara mbili mahali ambapo hakuna anayegusa, na yeye pia aliona.

Shindano la tatu lilichaguliwa kwa kurusha sarafu, na sarafu ikasema Bandari. Bisimwa hakukaa. Alisimama mbele ya kiti, anaangalia vidole vyake. Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau, na nilimkumbusha tena kwenye matanga mpaka akaona haya. Akasema, "Tonton, mikono yangu imezoea. Miaka miwili inasukuma ku kulia bila miye kuyua. Batu bote ba kwetu, mikono yabo iko hivyo." Akanigeukia. "Weye peke yako hauyashika ile manette ya kwetu ukiendesha. Mikono ya weye iko sawa." Wenzetu wakapiga kelele: hajui kuendesha, atatuaibisha, msichana! Mimi nilimwangalia Tonton. Tonton alikuwa anaangalia dari ya ukumbi kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka juu. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nikakaa.

Ningependa sana kuandika kwamba nilishinda. Nilikuwa wa pili, kati ya magari mawili. Akili aliniacha kwenye kona ya kwanza na nikaanza kuliona gari lake likipungua, likipungua, mpaka likawa nukta. Vidole vyangu vilikuwa na jasho, nilibadilisha vitesi kwa kuchelewa, na jirani mmoja wa Kadutu aliniuliza kama ninatafuta maegesho. Lakini kwenye ile barabara ndefu gari lilikwenda moja kwa moja. Mizunguko mitatu, sikugusa ukuta hata mara moja. Nilipovuka mstari ukumbi ulikuwa umechoka kucheka, na ndipo Tonton Ziha akaushusha uso kutoka darini, akainua kidole, na kuniambia mimi, "Sema gari ilifanya nini."

Nikasema. Nilisema kona baada ya kona, nilivyosikia na nilivyohisi, mahali breki za nyuma zinashika mapema, mahali risoti inarudi haraka, na nilipofika mwisho nilikuwa nimesahau kwamba ukumbi umejaa watu. Hakuna aliyecheka. Akili ndiye aliyeuliza, kwa ile sauti yake ndogo, "Na ya kwangu?" Nikamwambia gari lake linalia kabla ya kona ya mwisho kwa sababu vitesi ya tatu ni fupi mno, na kwamba anashinda kwa mikono yake tu, gari linamnyima. Watu wake wakapiga "wooo!" na kumpiga mgongoni. Akili akaniomba daftari aangalie. Nilimpa, lakini sikuliachia.

Tulirudi kwa miguu. Mlangoni Tonton aliniambia, bila kunitazama, "Nilisema bakishinda." Nikamjibu, "Ndiyo, Tonton." Neno lake lilikuwa neno, na hatukushinda. Niliingia jikoni nikamenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba, nikalia vizuri, na Maman Faida akanisogezea vingine bila kuuliza kitu.

Jumatatu niliketi mwisho wa benchi na daftari langu kama kawaida. Tonton alikuwa amefungua manette ya zamani mezani na kukinyoosha kijiti kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Bisimwa aliendesha mizunguko yake mitatu kwenye kanjia ka mbuzi, akasema gari ilifanya nini, tena kwa urefu, akainuka. Aliyemfuata kwenye benchi akanyoosha mkono. Bisimwa akampita. Akampita na wa pili, na wa tatu, akatembea benchi lote mpaka mwisho, akaniwekea manette juu ya daftari. Kila mtu akamgeukia Tonton. Tonton alikuwa kwenye dirisha, anashughulika na komeo ambalo halikuwa na shida yoyote. Nikakaa kwenye kiti cha jeep, na yeye akalishughulikia mizunguko mitatu kamili. Nilipomaliza akaliacha, akageuka, akainua kidole.

Majibu ya mtihani yalitoka baada ya muda, nilikuwa nimefaulu, na ni Tonton huyohuyo aliyenishika mkono mpaka kwa rafiki yake mwenye garaji na kumwambia, "Huyu anasikiaka gari. Mupe kazi." Yaliyobaki ni maisha, na maisha yangu yamekuwa mazuri, nisiwadanganye. Ninachotaka kumalizia ni siku ya mazishi. Jeep ya kumbeba Tonton ilitoka kwa mpwa wake, na ilipofika asubuhi niliona inavyoingia getini ikaniuma moyo: ilikuwa inavuta kushoto. Nikasema hapana. Nikaipandisha garajini nikiwa nimevaa kitenge cha msiba, nikavua viatu, nikalala chini yake. Watu wa familia walikuja kuniambia misa inakaribia. Bisimwa, ambaye siku hizi ana kitambi na anaendesha lori la kwenda Luvungi, aliwazuia mlangoni. "Muache afanye," akawaambia. Halafu niliitoa, nikaipeleka kwenye mzunguko wangu, mteremko, kona, mpando, ukuta wa masista, mashimo mawili. Mbele ya ukuta wa masista niliachia usukani kidogo. Jeep ikaenda sawa. Hapo ndipo nilipolia, peke yangu, injini inanguruma.

Bisimwa ndiye aliyeendesha mpaka makaburini, mimi nikiwa nyuma na Maman Faida. Tulipomaliza kila kitu, maua yamewekwa, watu wanaanza kushuka, alinijia akipangusa shingo kwa leso, akaninyooshea ufunguo. Sikuupokea. Nikainua kidole. Alinitazama, na yule mtu mzima mwenye lori na wajukuu akasimama wima kama yuko mbele ya benchi. "Tumetoka getini na vitesi ya kwanza," akaanza. "Ku muteremko breki zimeshika pamoja, mbele na nyuma." Alisema yote, kona kwa kona, mpaka pale tulipokuwa tumesimama. "Na haikuvuta popote, Nabintu. Tumemuleta sawa." Ndipo akaniwekea ufunguo mkononi.